Turathi Zilizojificha za Jiji la Kampala: Majengo, Walinzi na Kumbukumbu

Ikisiri

Mijadala kuhusu majengo ya kale katika miji ya Afrika Mashariki huelekea kupima thamani ya jengo kwa umri wa kuta zake na uimara wa vifaa vyake. Makala hii inaonesha kwamba vigezo hivyo havitoshi kueleza yaliyotokea katika jiji la Kampala, ambako jengo la nyasi na matete limesimama tena baada ya kuteketea, ilhali ngome na maduka ya matofali yametoweka pasipo moto. Hoja kuu ni kwamba kinachodumisha turathi ni kuwapo kwa walinzi: watu wanaolidai jengo kuwa lao, wenye wajibu unaotambuliwa na wenzao, na wenye ujuzi wa kulitunza. Hoja hiyo inapimwa kwa kutazama Kasubi, Namirembe, Old Kampala, mitaa ya biashara, Jumba la Makumbusho ya Uganda, Lubiri ya Mengo na Natete. Sehemu ya mwisho inahusu alama za Waswahili, ambazo hazikuacha ukuta hata mmoja lakini zimebaki katika mavazi na maneno.

Maneno ya msingi: Kampala, Buganda, majengo ya kale, turathi, walinzi, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kampala huelezwa kwa wageni kuwa ni mji uliojengwa juu ya vilima saba. Idadi hiyo imekwisha kupitwa, kwa kuwa mji umeenea juu ya vilima vingine vingi; hata hivyo usemi huo una ukweli wake. Historia ya Kampala imeandikwa vileleni. Kilima cha Mengo ni cha Kabaka, Namirembe ni cha Waanglikana, Rubaga ni cha Wakatoliki, Kibuli ni cha Waislamu, Kasubi ni cha wafalme waliofariki, Nakasero ni cha serikali, na Makerere ni cha wasomi. Mtu asimamaye juu ya kimoja huviona vingine, na kwa kuviona husoma mgawanyiko wa madaraka na imani uliojengeka tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Hata hivyo, vilele havisemi kila kitu. Katikati ya vilima mna mabonde na mitaa yenye majengo ambayo hayamo katika vitabu vya watalii, na mna maeneo ambayo historia ilipita bila kuacha jengo lolote. Isitoshe, baadhi ya yale yanayoonekana kuwa ya kale si ya kale kwa maana ya kawaida, kwani yamejengwa upya mara kadhaa mahali pale pale. Hapo ndipo linapozuka swali la makala hii: ni nini hasa kinachofanya turathi ya mji idumu?

Jibu lililozoeleka lina sehemu mbili. Ya kwanza ni vifaa: jiwe hudumu, nyasi huoza. Ya pili ni sheria: jengo lililotangazwa rasmi husalia, lisilotangazwa hubomolewa. Makala hii haikatai kwamba vifaa na sheria vina nafasi yake. Inadai tu kwamba vyote viwili hufuata jambo la tatu lililo kubwa zaidi, yaani ulinzi. Neno mlinzi halitumiki hapa kwa maana ya askari wa zamu langoni. Linamaanisha mtu au jamii yenye mambo matatu kwa pamoja: dai, yaani kulihesabu jengo kuwa lao, wajibu, yaani kuwajibika kwalo mbele ya wengine, na ujuzi, yaani kujua namna ya kulitengeneza na kulieleza. Pakikosekana moja kati ya hayo, turathi huanza kudhoofika. Yakikosekana yote, hutoweka hata kama kuta zake ni imara.

2.0 Mji uliozoea kuhama

Ili kuelewa nafasi ya walinzi, ni lazima kwanza kutazama jinsi makao makuu ya Buganda yalivyokuwa kabla ya ujio wa wakoloni. Kibuga, yaani mji wa mfalme, hakikuwa mahali pamoja pa kudumu. Kila Kabaka alijenga ikulu yake juu ya kilima alichokichagua, na mara nyingi alihama zaidi ya mara moja katika utawala wake. John Hanning Speke alipofika mwaka 1862 alimkuta Muteesa wa Kwanza akiwa Banda. Baadaye Muteesa huyo huyo alikaa Rubaga, kisha Kasubi, ambako alijenga ikulu mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwanawe, Mwanga wa Pili, akaweka makao yake Mengo.

Majengo hayo yote yalikuwa ya miti, matete na nyasi. Kwa mtazamo wa mgeni aliyetoka katika miji ya mawe, mji wa namna hiyo ulionekana kama kambi ya muda. Kwa Waganda mambo yalikuwa kinyume. Kilichodumu kilikuwa cheo, ukoo na kazi ya kila ukoo. Jengo lilikuwa tunda la mpangilio huo; lilipochakaa, wenye kazi waliitwa wakalijenga tena. Umri wa jengo haukuhesabiwa kwa umri wa nyasi zake.

Wamisionari na wakoloni walileta matofali, mawe na mabati, na pamoja navyo wazo kwamba jengo la maana ni lile lisilobadilika. Lakini vilima vya Kampala viliwafundisha wao pia. Juu ya Namirembe, Waanglikana walijenga makanisa kadhaa mfululizo tangu miaka ya 1890. Moja liliangushwa na dhoruba. Jingine, la matofali, lililozinduliwa mwaka 1904, liliteketea kwa radi mwaka 1910. Kanisa kuu linaloonekana leo, lenye kuba lake maarufu, lilikamilika mwaka 1919. Waumini wanaosali humo hawasemi kwamba kanisa lao lina umri wa miaka mia moja tu. Husema kwamba Namirembe ni kanisa la baba zao wa kwanza. Wakristo hao waliuendeleza, pengine bila kukusudia, utaratibu wa Kiganda: mahali na watu hudumu, kuta hubadilishwa.

3.0 Kasubi: jengo linaloungua na kusimama

Mfano ulio wazi zaidi ni makaburi ya Kasubi. Muteesa wa Kwanza alipofariki mwaka 1884 alizikwa ndani ya ikulu yake mwenyewe, akiwa mwili mzima. Huo ulikuwa mwachano mkubwa na mila, kwani kabla yake utaya wa Kabaka ulitengwa na mwili na kuhifadhiwa katika hekalu lake. Baada yake walizikwa hapo Mwanga wa Pili, aliyefariki uhamishoni Seychelles mwaka 1903 na mabaki yake kurejeshwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili. Na Edward Muteesa wa Pili, aliyefariki London mwaka 1969 na kuletwa nyumbani mwaka 1971. Kwa hiyo Kasubi ni makaburi ya wafalme wanne, na wawili kati yao walifia ugenini. Kurudishwa kwao kunaonesha uzito wa mahali hapo: Kabaka aliyefia mbali hakuhesabiwa kuwa amepumzika mpaka alipofika kwao.

Jumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni la mviringo, na paa lake la nyasi hushuka karibu na ardhi. Ndani, pete 52 zilizosukwa kwa matete huzunguka dari, zikiwakilisha koo za Buganda. Nyuma ya pazia la mbugu, yaani nguo ya magome ya mti wa mutuba, ndipo walipolala wafalme, mahali paitwapo kibira, yaani msitu. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, ambao mwiko wake ni mbega. Wanawake wenye nyadhifa za wake wa wafalme hukaa humo kwa zamu na kulitunza jumba. Mambo matatu yaliyotajwa katika utangulizi yanapatikana hapa bila pengo: dai ni la taifa zima la Buganda, wajibu umegawanywa kwa koo, na ujuzi hurithishwa ndani ya ukoo.

Mwaka 2001 UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jumba kuu. Huzuni na hasira zilijaa mjini, na siku iliyofuata watu walipoteza maisha katika makabiliano na vyombo vya usalama. Mwaka huo huo Kasubi iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi ulichukua zaidi ya mwongo mmoja, na mnamo Septemba 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha hiyo.

Swali la kitaalamu linalofuata ni kama jengo la leo ni turathi au ni nakala. Jibu lipo katika historia ya jengo lenyewe. Lile lililoungua mwaka 2010 halikuwa lile lililojengwa na Muteesa. Mwaka 1938, katika enzi ya Daudi Chwa, jumba lilikuwa limejengwa upya, na nguzo za zege na vyuma vikaingizwa kulitia nguvu. Nyasi nazo zilikuwa zikibadilishwa mara kwa mara. Hivyo, kama uhalisi ungepimwa kwa vifaa, Kasubi isingekuwa halisi hata siku ilipoandikwa katika orodha ya dunia. Uhalisi wake umo katika mikono inayojenga na sababu ya kujenga. Moto uliteketeza nyasi na pete. Haukuteketeza ukoo wa Ngeye.

4.0 Old Kampala: matofali yasiyo na wenyewe

Umbali mfupi kutoka Kasubi kuna kilima kilicholipa jiji jina lake. Mnamo Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, wakala wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala biashara Afrika Mashariki, alipiga kambi hapo na kujenga ngome. Kutoka kilima hicho, tarehe 24 Januari 1892, bunduki yake ya Maxim iliamua vita vya Mengo kati ya makundi ya Wakristo wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti. Askari wake wengi walikuwa Wasudani waliowahi kuwa chini ya Emin Pasha, ambao vizazi vyao ni Wanubi wa Uganda wa leo. Ni vigumu kutaja mahali pengine nchini ambapo historia ya ukoloni ilianza kwa uwazi kiasi hicho.

Utawala ulipohamia kilima cha Nakasero, ngome ilipata kazi nyingine. Mwaka 1908 ikawa makao ya mkusanyiko wa vitu vya asili, nao ukawa mwanzo wa Makumbusho ya Uganda. Kwa kuwa vingi kati ya vitu hivyo vilikuwa vya ibada na tiba za jadi, wenyeji waliliita jengo hilo Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mayembe, zile pembe zenye nguvu za mizimu. Jina hilo lina hukumu ndani yake: watu waliona kwamba jengo la mgeni limekusanya nguvu zilizotolewa mahali pake.

Leo kilima hicho kinatawaliwa na Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ujenzi wake ulianzishwa katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, ukakwama kwa muda mrefu, kisha ukakamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Mgeni akipanda mnara wake wenye vidato zaidi ya 300 huiona Kampala yote. Jengo la zamani la ngome lilibomolewa kupisha ujenzi, na nakala yake ikajengwa kando.

Kwa mujibu wa kipimo cha vifaa, ngome ilistahili kuishi kuliko jumba la nyasi. Kwa kipimo cha walinzi, mwisho wake unaeleweka. Nani angeidai? Kampuni ya Lugard ilikufa karne ya 19. Serikali ya kikoloni iliondoka mwaka 1962. Waganda waliikumbuka kama mahali walipopigwa. Waislamu walikuwa na sababu ya kuthamini msikiti kuliko boma. Wanubi, ambao babu zao walilinda ngome hiyo, hawakuwa na sauti katika uamuzi. Kila mmoja alihusika na historia ya jengo, lakini hakuna aliyewajibika nalo. Ndiyo maana nakala iliyosimama leo haifanani na jumba jipya la Kasubi. Vyote viwili vimejengwa upya. Ila kimoja kimejengwa na wenyewe kwa ajili ya kukitumia, na kingine kimejengwa kuwa ukumbusho wa kitu ambacho hakuna aliyekihitaji tena.

5.0 Mitaa ya biashara: wenyewe waliofukuzwa

Turathi iliyojificha zaidi katika Kampala haimo vileleni bali mitaani, katika maduka ya ghorofa moja au mbili yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia, hasa Wahindi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Reli ilifika Kampala mwaka 1931 na kuuchangamsha mji. Majengo ya wakati huo yana baraza mbele, duka chini na makazi juu au nyuma, na juu ya ukuta wa mbele, chini ya paa, mara nyingi pameandikwa mwaka wa ujenzi au jina la mwenye nyumba. Anayetembea Kampala na kuinua macho husoma majina hayo juu ya mabango ya simu na nguo.

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Mali zao ziliwekwa chini ya bodi ya serikali na kugawiwa. Baada ya sheria ya mwaka 1982, na hasa katika miaka ya 1990, wamiliki wengi walirudishiwa nyumba zao. Lakini kurudishiwa hati si sawa na kurudisha ulinzi. Wengine waliuza wakiwa ng'ambo. Wapangaji waliokaa humo kwa miaka 20 hawakuwa na sababu ya kutengeneza nyumba isiyo yao. Thamani ya kiwanja katikati ya jiji ikawa kubwa kuliko thamani ya nyumba, na majengo ya biashara ya ghorofa nyingi yakachukua nafasi.

Hapa jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi. Mara nyingi ubomoaji wa majengo haya huelezwa kuwa ni tamaa ya fedha. Tamaa ipo, lakini tamaa ipo pia Namirembe na Rubaga, ambako ardhi ni ghali vile vile, na makanisa hayajauzwa. Tofauti ni kwamba mwaka 1972 ulikata uzi uliounganisha jengo, ukoo na kumbukumbu. Nyumba ilibaki, aliyejua kwa nini baraza lilijengwa hivyo, na jina la juu ni la nani, aliondoka na sanduku moja. Kuvunjwa kwa nyumba miaka 40 baadaye ni tendo la pili. La kwanza lilikuwa kuwavunja wenye nyumba.

6.0 Pale walinzi wapya walipojitokeza

Kama ulinzi ungekuwa wa kurithi tu, basi hatima ya majengo yasiyo na warithi ingekuwa imekwisha kuamuliwa. Mifano miwili inaonesha kwamba ulinzi unaweza pia kuundwa.

Wa kwanza ni Jumba la Makumbusho ya Uganda, lililofunguliwa mwaka 1954. Lilisanifiwa na Ernst May, msanifu Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Humo mna, miongoni mwa vitu vingine, masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yaliyopelekwa Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20 na kurejeshwa wakati wa uhuru mwaka 1962. Mwaka 2011 kulikuwa na mpango wa kulibomoa jumba hilo ili kujenga kituo kirefu cha biashara. Asasi za kiraia zilipinga na kwenda mahakamani, na jumba likasalia. Waliolitetea hawakuwa ukoo wala kanisa. Walikuwa wananchi waliojitwalia dai na wajibu. Asasi iitwayo Cross-Cultural Foundation of Uganda iliendelea kwa kuorodhesha majengo ya kihistoria ya jiji na kuyatolea ramani, yaani kuongeza jambo la tatu, ambalo ni ujuzi.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliishambulia ikulu ya Mengo, na Muteesa wa Pili akakimbilia uhamishoni. Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Ndani ya eneo lake kilijengwa chumba cha zege chini ya ardhi kuwa ghala la silaha, kikageuzwa mahabusu na mahali pa mateso. Falme ziliporejeshwa mwaka 1993 na Lubiri kurudi kwa Kabaka, ingekuwa rahisi kukifukia chumba hicho. Hakikufukiwa. Leo waongozaji huwapeleka wageni na wanafunzi na kuwasimulia yaliyotendeka humo. Chumba hicho si fahari ya mtu, ni kidonda. Lakini kina watu wanaokidai kama ushahidi, na kwa hiyo kimedumu ilhali ngome ya Lugard imeondoka.

Kutokana na mifano hii, nafasi ya sheria inaonekana vizuri zaidi. Sheria ya mwaka 1967 ya kumbukumbu za kihistoria ilikuwapo wakati ngome ikibomolewa na maduka yakianguka. Sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale ya mwaka 2023 imekuja kurekebisha upungufu wake. Hata hivyo, sheria ni kama kufuli: humsaidia mwenye nyumba aliye macho, wala haimpatii nyumba mwenyewe.

7.0 Natete: turathi isiyo na ukuta

Kipimo kigumu cha hoja hii ni Natete, kitongoji kilicho magharibi ya Mengo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walianza kufika katika baraza la Buganda katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suuna wa Pili. Wakati wa Muteesa na Mwanga, Natete ilikuwa makazi yao karibu na kibuga. Hapo palihifadhiwa vitambaa, bunduki na shanga zilizokuja, na pembe za ndovu na watumwa waliokwenda. Historia hiyo ina pande mbili, na ule wa biashara ya watu haufai kufichwa.

Kutoka pwani ilikuja pia elimu ya kusoma. Muteesa alijifunza Kiarabu na Kiswahili. Henry Morton Stanley alipoondoka mwaka 1875 alimwacha Dallington Muftaa, kijana aliyesomeshwa katika misheni ya Zanzibar, awe mwalimu na mwandishi wa barua wa Kabaka. Alexander Mackay alifika mwaka 1878, na yeye na wenzake walianza kufundisha kwa kutumia tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere wa Zanzibar kabla ya kuwapo kwa vitabu vya Luganda. Waongofu wa kwanza, Waislamu na Wakristo, waliitwa abasomi, kwa neno lenye shina lile lile la kusoma. Wengine wao waliuawa kwa ajili ya imani zao. Kwa hiyo, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo za kitabu katika Buganda.

Je, jengo gani linashuhudia hayo? Hakuna. Nyumba za Natete zilikuwa za vifaa vya kuoza, na wakazi wake walitawanywa na vita vya dini vya mwaka 1888 na miaka iliyofuata. Mkuu wa Waislamu, Nuhu Mbogo, ndugu wa Muteesa, alipelekwa uhamishoni Zanzibar kabla ya kurudi nyumbani. Msikiti wa Kibuli, uliojengwa juu ya ardhi ya mwanawe, Badru Kakungulu, na kufunguliwa mwaka 1951, uliipa jamii ya Waislamu kilele chao. Lakini Natete yenyewe ilibaki mtaa kama mitaa mingine.

Kumbukumbu ya Kiswahili nayo ilipata pigo la aina nyingine. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani Kiswahili kufanywa lugha rasmi katika Buganda, akihofia hatima ya Luganda. Baadaye lugha hiyo ikajulikana zaidi kwa vinywa vya askari. Tamko la Amin la mwaka 1973 la kuifanya lugha ya taifa liliongeza hofu badala ya kuipunguza. Kwa watu wengi wa Kampala, Kiswahili kikawa sauti ya kizuizi cha barabarani usiku. Historia ya kitabu ikafunikwa na historia ya bunduki.

Hata hivyo, turathi hiyo haikufa. Katika sherehe za posa na harusi, mwanamume wa Kiganda huvaa kanzu, vazi lililoletwa na watu wa pwani, nalo sasa ni vazi la heshima la taifa lake. Akisema ekitabo, emmeeza au edduuka, anatamka kitabu, meza na duka. Natete imebomoka, lakini imevaliwa na inasemwa. Hapa ina walinzi wengi kuliko jengo lolote la Kampala, ingawa walinzi hao hawajui kwamba wanalinda. Wana ujuzi na matumizi. Wanachokosa ni dai.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba historia ya majengo ya Kampala haiwezi kuelezwa kwa uimara wa vifaa wala kwa sheria pekee. Kasubi na Namirembe ziliungua na kusimama kwa kuwa zilikuwa na wenyewe. Ngome ya Old Kampala na maduka ya Waasia yalitoweka kwa kuwa wenyewe waliondoka, walifukuzwa, au hawakuwahi kuwapo. Makumbusho na chumba cha Lubiri vinathibitisha kwamba ulinzi unaweza kuundwa na watu wasio warithi wa damu, hata kwa turathi inayouma.

Kutokana na matokeo hayo, mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba orodha ya majengo ya kale haitoshi ikiwa inataja mwaka, mtindo na kiwanja tu. Inapaswa kutaja pia nani anayelidai jengo, nani anayewajibika nalo, na nani anayejua kulitengeneza. Pale nafasi mojawapo ilipo tupu, hatari ipo hata kama ukuta hauna ufa. La pili linawahusu wataalamu wa Kiswahili. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 serikali ilisisitiza ufundishaji wake. Mara nyingi kinafundishwa kama lugha ngeni inayoletwa kwa ajili ya jumuiya ya kanda. Mwanafunzi wa Kampala anayeambiwa hivyo ananyimwa sehemu ya historia ya mji wake, kwani lugha hiyo ilikuwa Natete kabla tofali la kwanza la kanisa kuu la Namirembe halijachomwa.

Kibao kidogo pale Natete, somo moja katika kitabu cha shule, na kumbukumbu za wazee zikinaswa kabla hawajaondoka, vingegharimu kidogo kuliko paa la nyasi la Kasubi. Kazi hiyo inasubiri wenyewe.